Mwalimu Aliyetufundisha Kuchukia kwa Kiingereza

Mwalimu alikuwa na vitenzi saba vya kuchukia. Aliviandika ubaoni kutoka chini kwenda juu, kama ngazi: dislike, hate, despise, detest, loathe, abhor, na juu kabisa, mahali ambapo mfupi kama mimi hangefika hata akipanda kiti, abominate. Halafu alipangusa chaki mikononi, akatugeukia sisi wa darasa la saba, ambao tangu saa nne tulikuwa tunanusa githeri ya jikoni, akauliza nani kati yetu amewahi kupita ngazi ya pili.

Hakuna aliyeinua mkono.

"Hate ni ya watoto," alisema. "Mtoto ana-hate dawa ya minyoo. Mtu mzima anachagua."

Kila kitenzi alikipa makao yake mwilini. Despise inakaa machoni, kwa sababu unamtazama mtu kutoka juu. Detest iko kwenye meno. Loathe iko tumboni, chakula kinakataa kushuka. Abhor iko miguuni, mwili wenyewe unarudi nyuma kabla hujauruhusu. Abominate hakuieleza. Alisema tutaikuta kwenye Biblia, tuisome hapo na tuiache hapo hapo.

Ilikuwa na sheria moja ngazi hiyo: jina la mtu haliingii kwenye sentensi. Mimi niliandika kwamba ninam-loathe shangazi yangu, kwa sababu alikuwa akinipa ukoko kila siku, wanawe wakila ugali wa juu. Mwalimu aliinama kwenye dawati langu. Hakuwa na kiboko, hakuwahi kuwa nacho, na wenzake walimcheka kwa hilo. Alisoma, akasoma tena, akasema polepole, "Shangazi yako atazeeka. Sentensi haizeeki. Futa." Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka. Nikaandika kwamba nina-loathe uji baridi, naye akaweka alama ya vema, akaenda dawati lingine.

Mpaka leo sijui kama nilikuwa namchukia shangazi kweli au nilitaka tu kutumia neno.

Kwa mtu wa mbali, lazima nieleze jinsi sisi tulivyo na maneno. Nyumbani tunasema Ekegusii. Kiswahili tunakipata shuleni, tunakitumia mjini Kisii na kwa wageni, na wageni wanatucheka tunavyokitamka. Kiingereza ni cha ofisi na vyeti. Sasa, neno la chuki kwa Ekegusii, hasa kati ya watu waliotoka tumbo moja, si la kuchezea. Kijijini kwetu ukishamtamkia ndugu yako kwamba unamchukia, hamli tena chungu kimoja. Hamtembeleani. Mnakaa hivyo mpaka aliyetukanwa awaite wazee, mbuzi achinjwe, na kila mmoja aseme mbele ya watu alichosema. Ni yule aliyetukanwa ndiye huwaita. Aliyetukana hana mdomo wa kuwaita, na ndiyo maana watu huangalia sana wanachosema.

Lakini neno lile lile likisemwa kwa Kiingereza, halihesabiki. Linapita kama kelele ya redio ya jirani. Kwa hiyo sisi tuliopita mikononi mwa Mwalimu tulijikuta na silaha ambayo wazazi wetu hawakuwa nayo. Nina rafiki anauza ndizi hapa Mosocho, mama mzima wa watoto wanne, na askari wa kaunti akimsogelea kumhamisha barabarani anamwambia, "I abhor you, officer!" Soko zima linacheka, askari naye anacheka, ndizi zinabaki pale pale. Angemwambia hivyo kwa Ekegusii, yule askari akiwa wa ukoo wao, leo hii ingekuwa hadithi nyingine. Nimesikia mke na mume hapa jirani wakigombana, wakifika mahali pabaya wanahamia Kiingereza, wakimaliza wanarudi kwenye Ekegusii kuulizana kama ng'ombe amekunywa maji. Yote hiyo ni kazi ya Mwalimu. Sidhani alikusudia.

Alivaa koti moja la kijivu miaka yote niliyomjua, na mwavuli hakuuacha hata jua likiwaka. Alitembea kwa miguu kutoka upande wa Marani mpaka shuleni, akikataa lifti za pikipiki kwa sababu, alisema, mtu anayebebwa hafikirii. Chai alikunywa bila sukari, maziwa kidogo, na akikukuta unaweka vijiko vitatu alikuhurumia waziwazi. Jumamosi kanisani alifundisha somo la Sabato, na alilifundisha vizuri, hasa likiwa la upendo. Hakuweza kumchinja hata kuku. Jirani ndiye aliyemchinjia, yeye akisimama nyuma ya nyumba mpaka kelele ziishe.

Siku moja mwenzetu alikatwa mguu na jembe kwenye shamba la shule. Mwalimu alimbeba mgongoni mpaka zahanati, koti likalowa damu, na kesho yake alikuja na koti lile lile likiwa limefuliwa lakini bado na doa kubwa. Mwanafunzi mmoja akauliza kama anam-detest aliyemchafulia koti. Mwalimu alicheka sana. Sikumwona akicheka hivyo tena.

Alipenda kusema, "Ukikosa neno, nyamaza. Ukipata neno, ngoja." Tulimwiga uwanjani tukikosana kwenye mpira. Alipenda kusema pia kwamba lugha ya mtu mwingine ni kama nyumba ya mtu mwingine, unaweza kuingia na viatu vyenye matope na hakuna atakayekuchapa, ila umechafua. Huyu ndiye mtu aliyetufundisha njia saba za kuchafua.

Sasa nifike kwa ndugu yake.

Mama yao alifariki Mwalimu akiwa Nairobi kusahihisha mitihani ya taifa. Kazi ile ni ya siri, na wenzake walichukulia kwamba siri ni karatasi. Yeye alichukulia ni yote. Alizima simu kabisa, akaitia kwenye soksi, hakuiwasha mpaka karatasi ya mwisho. Ndugu yake, mkubwa wake, mkulima wa chai, alipiga mara nyingi hakupata. Jamaa walikuwa wamefika kutoka mbali, Sabato ilikuwa inakuja, na kanisani kwao hawaziki siku hiyo. Watu walimwambia tuma mtu Nairobi. Alikataa. Alisema kazi ya serikali haikatizwi kwa matanga, mdogo wake atafutwa kazi. Wakamzika mama Ijumaa. Mwalimu alirudi wiki iliyofuata, amebeba shuka jipya alilomnunulia, akakuta udongo.

Hakupiga kelele. Alizunguka kaburi, akaingia kwake, akafunga mlango. Tangu siku hiyo hakumsemesha ndugu yake. Alimwandikia.

Naujua mwanzo huo kwa sababu ndugu mwenyewe alinisimulia, akiwa amekaa kwenye kiti changu cha plastiki. Mimi nina chumba hapa Mosocho, nachapa barua, natoa kopi, najazia watu fomu za serikali kwenye kompyuta. Alikuja asubuhi moja, kofia mkononi, bahasha nyeupe iliyobandikwa vizuri. Mwalimu alikuwa amempa shemeji yake, mke wa mzee huyu, bahasha hiyo mlangoni mwa kanisa, kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Wewe ulisomeshwa na yeye," aliniambia. "Hebu nisomee. Pole pole, mimi si wa Kiingereza."

Hakuwa wa Kiingereza kwa sababu aliacha shule darasa la nne, akakaa nyumbani na ng'ombe ili mdogo wake aendelee. Hilo pia kila mtu upande ule alilijua. Na Mwalimu alilijua kuliko wote, na bado aliandika kwa Kiingereza.

"Si una watoto Nairobi wanaweza kukusomea kwa simu?" nilimuuliza.

"Watoto wakisikia maneno ya wakubwa watayarithi. Soma wewe."

Barua ilikuwa ukurasa mmoja, mwandiko ule ule wa ubaoni. Katikati ilisema kwamba yeye, mwandishi, anam-despise. Jina la ndugu yake lilikuwa kwenye sentensi. Niliangalia jina lile kwa muda. Halafu nikamwangalia mzee, amekunja mikono juu ya kofia, anangoja.

"Anasema moyo wake ni mzito, Tata," nikamwambia. "Anasema umpe muda."

"Ni hayo tu? Ukurasa wote?"

"Kiingereza kinazunguka sana."

Alitikisa kichwa, akashukuru. "Kama ni uzito, utapungua. Ndizi haipigwi fimbo ili iive."

Nilijiambia nimefanya vema. Nilijisikia vizuri hata, naomba nikiri hilo, kwa sababu ni mara ya mwisho katika mambo haya kujisikia chochote kwa nguvu.

Barua ya pili ilikuja baada ya miezi kadhaa, na ilikuwa detest. Ya tatu loathe. Nilijua kila mara itakayofuata. Nilikuwa nimeinakili ngazi ile kwenye daftari miaka hiyo yote iliyopita, na sasa nilikaa nikiisubiri ipande. Kila mara nilimwambia mzee ni moyo mzito. Nilibadilisha kidogo kidogo asishuku: mara moyo haujatulia, mara anamwota mama, mara anasema hali ni ngumu lakini Nyasae, Mungu wetu, yupo. Nikawa fundi. Alikuwa anaondoka ametulia, akinunua mkate dukani kwa jirani, nami nikirudi kwenye kopi za vitambulisho.

Mara moja aliniomba nimjibu kwa Kiingereza kizuri, ili mdogo wake asione aibu. Nikaandika barua ndefu, ya heshima, jinsi simu ilivyokataa, jinsi alivyoogopa kumharibia kazi. Wiki mbili baadaye ilirudi kupitia kwa shemeji vile vile. Ilikuwa imesahihishwa kwa wino mwekundu, kuanzia tarehe. Pembeni ya aya ya pili kulikuwa na maneno mawili yanayomaanisha hoja haina nguvu. Chini kabisa, alama: sita kwa kumi. Hapo nikajua kwamba anajua ni mimi ninayesoma. Mzee aliuliza wino mwekundu unasema nini. Nikamwambia unasema amepokea.

Wazee wa upande wao walikuwa wameanza kuuliza. Walimwambia, kama mdogo wako amekutukana, sema, utuite, tuje tuwakalishe. Alikataa. Aliwaambia hajatukanwa na mtu. Kwamba mdogo wake ana moyo mzito tu, na moyo mzito hauitiwi mbuzi. Alipata wapi maneno hayo, najua mimi.

Halafu akaugua tumbo. Alikaa hospitalini mjini Kisii, akarudishwa nyumbani, na kila aliyemwona alijua kwa nini amerudishwa. Barua ya mwisho ilikuja wakati huo. Mke wake ndiye aliyenipigia, nikafunga duka nikaenda mpaka kwao, nikapita kando ya majani ya chai ambayo hakuna aliyekuwa ameyachuma wiki ile. Mzee alikuwa kitandani, amekuwa mdogo. Nilifungua bahasha. Abhor. Ilikuwa mistari minne tu, na jina lilikuwepo mara mbili.

"Anasema anakuja?" aliuliza kabla sijasema kitu.

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji.

"Anasema anakuja," nikasema. "Akipata nafasi."

Aligeuka akamwambia mke wake awapigie simu wale wazee waliopanga kuja Jumapili kumuuliza tena, wasisumbuke. Mdogo wake anakuja mwenyewe.

Alingoja siku kumi na moja.

Mazishini Mwalimu alisimama nje ya ua, upande wa barabara, pamoja na wapita njia, na mwavuli wake. Hakuingia, hakula. Mimi niligawa vikombe vya chai. Mama yangu aliniuliza baadaye kwa nini sikulia, watu waliona. Nilikuwa nimekufa ganzi kama mkono uliolaliwa. Nilihesabu vikombe, nikaosha vikombe, nikarudi kazini Jumatatu. Wateja walisema pole, nikasema asante. Nilisema asante kama kumi na mbili siku ile na kila moja ilitoka sawa na nyingine. Miezi imepita na ganzi haijatoka. Nakula, nalala, nacheka yule mama wa ndizi akimtishia askari wake. Nikijaribu kumfikiria mzee na kofia yake, naona kofia tu.

Mwalimu alikuja dukani juzi juzi, siku ya kawaida, saa nne asubuhi hivi, watu ni wachache. Nilisimama kama tulivyokuwa tukisimama darasani. Alinionyesha kwa mkono nikae. Alikaa kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa amezeeka ghafla, shingo imeachana na kola. Alitoa daftari la mistari, lile la wanafunzi, akalifungua mbele yangu. Mlikuwa na nakala za barua zake zote, ameziandika kwanza humo kabla ya kuandika safi.

"Hizi ulimsomea wewe," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Zote?"

"Zote."

"Ulimsomea aje?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na mazoezi ya kutosha. Nikamwambia kweli. Moyo mzito, umpe muda, anamwota mama. Nilimwambia yote kwa sauti moja kama mtu anayesoma bei. Aliangalia daftari wakati wote.

"Kwa hivyo hakujua," alisema.

"Hakujua."

"Mimi nilikuwa naangalia barabara." Alifunga daftari, akalifungua tena. "Kila nikituma, wiki nzima naangalia barabara. Nilijua atakasirika. Nikasema akikasirika atawaita wazee, mimi siwezi kuwaita, ni mimi natukana. Atawaita, tutakalishwa, nitasema ya simu. Niliizima mimi. Si yeye. Nilitaka niseme hiyo mbele ya watu, nikashindwa pa kuanzia. Hakuja. Nikasema basi neno ni dogo. Nikatafuta kubwa."

Mteja aliingia na kitambulisho cha kutolea kopi. Nilimtolea. Akatoka.

"Kwa nini hukuandika kwa Ekegusii?" nilimuuliza. Hata darasani sikuwahi kumuuliza swali kwa sauti hiyo.

"Kwa Ekegusii ingekuwa ni kweli," alisema.

Nilidhani atanilaumu na nilikuwa tayari, nilitaka anilaumu, labda kitu kingefunguka. Hakunilaumu. Nikaona afadhali nimalize.

"Ya mwisho sikumwambia moyo mzito," nikasema. "Nilimwambia unakuja."

Mikono yake ilisimama juu ya daftari.

"Alingoja?"

"Alingoja. Aliwakataza wazee."

Yule mama wa ndizi alikuwa anapiga kelele nje. Kisha Mwalimu akasogeza kiti karibu na kompyuta, akasema nifungue ukurasa mpya.

"Andika vile ulimsomea."

"Kwa lugha gani?"

"Ile ulimsomea nayo."

Nikaandika kwa Ekegusii. Ndugu yangu, moyo wangu ni mzito. Nipe muda. Namwota mama. Nitakuja. Haikujaza hata robo ya karatasi. Nikaitoa, ikiwa bado ya moto, nikampa. Aliisoma midomo ikitembea. Alifika mwisho akarudi mwanzo. Kisha akaomba kalamu, akatia sahihi chini, jina lake lote, polepole, na hakuandika tarehe.

"Shemeji anajua kusoma?" aliuliza akiikunja.

"Anasoma Biblia, ya Ekegusii."

"Basi hii asisomewe na mtu," alisema, akainuka kwenda nyumbani kwa ndugu yake.